Kwetu Tunaanguka Tu

Katika ukoo wa Futi hakuna aliyewahi kuugua presha. Walilisema hilo kifua mbele, kama watu wengine wanavyosema kwao hakuna mwizi. Watu wa ukoo ule hawakuwa na maradhi ya kueleweka. Walikuwa wakianguka tu. Babu alianguka bafuni. Bibi alianguka kitini, kwenye harusi ya jirani, nyimbo zikiendelea. Baba mkubwa alianguka kutoka kwenye baiskeli iliyokuwa imesimama. Na baba yake Futi, fundi rangi aliyepaka nusu ya maduka ya mtaa, alianguka kwenye ngazi.

Ungedhani mtu angejiuliza, jamani, binadamu mzima anaangukaje kutoka kwenye baiskeli iliyosimama? Wapi! Walichojiuliza ni nani aliyeiegesha baiskeli pale. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao: akianguka mtu, anatafutwa wa kulaumiwa, na akishapatikana inatungwa sheria. Sabuni ya bafuni ilikuwa ya nani? Kile kiti cha harusini alikileta nani? Msiba ulikuwa haujaanuliwa, kesi imeshaisha.

Mtunga sheria alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake Futi. Yeye ndiye alikuwa bunge, mahakama na polisi. Nyumbani kwake bafu lilitandikwa mpira kuanzia mlangoni mpaka ukutani. Baiskeli ilipigwa marufuku. Kitanda kilitolewa, godoro likalala sakafuni. Kisha akaitwa seremala, akakata miguu ya viti vyote. Ukienda kumsalimia Shangazi unakaa magoti yakigusa kidevu, na kuinuka ilikuwa shughuli ya watu watatu: anayeinuka na wawili wa kumvuta. Balbu ya sebuleni iliungua mwaka ule ule ndugu yake alipofariki, na haikubadilishwa tena, kwa sababu kubadilisha balbu kunataka ngazi, na ngazi hairuhusiwi kuvuka kizingiti. Ikawekwa taa ya mezani, juu ya meza ambayo nayo ilikatwa miguu, ikawa kazi yake ni kumulika vidole vya wageni.

Kila sheria ilikuwa na mshitakiwa wake, lakini aliyefungwa kifungo cha maisha alikuwa mmoja tu, Baba Mdogo. Huyu alikuwa kitinda mimba, mdogo wake marehemu, na siku ile ya ngazi ndiye aliyekuwa ameishika. Watu walipofika mbio walimkuta fundi rangi yuko chini na ngazi iko chini. Wakauliza, "Si ulikuwa umeshika ngazi wewe?" Akajibu, "Niliiachia." Basi, hukumu ikasomwa pale pale.

Tangu siku hiyo Baba Mdogo hakupewa tena kitu cha kushika. Chai yake iliwekwa mezani na mtu mwingine. Mtoto mchanga akizungushwa kwa wageni, alipofika kwake alirukwa, akapewa anayefuata. Na wakati wa kuwavuta watu kwenye vile viti, yeye hakuwahi kuwa mmoja wa wavutaji. Walimtania, "Mpe huyo kama unataka kivunjike," naye alicheka pamoja nao, kicheko cha haraka, cha mtu anayetaka mzaha upite. Aliacha rangi, akajifunza kushona viatu, kazi ambayo kitu kikikuponyoka hakina pa kwenda. Alikaa barazani kwenye duka la ushonaji la Futi, yeye na nyundo yake nje, Futi na cherehani yake ndani.

Futi alimpenda baba yake mdogo, asikudanganye mtu. Lakini hata yeye, akitaka kumpa mkasi, aliuweka kwanza chini ili auokote mwenyewe. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Sasa, mambo yote yalianzia kwenye sare. Zahanati iliyo nyuma ya soko ilimpa Futi kazi ya kuwashonea wauguzi sare mpya, naye akaenda kuwapima asubuhi moja, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida. Ndiyo iliyompa jina, na wengine waliamini analala nayo. Aliwapima mmoja mmoja, kifua, kiuno, mkono, huku akiwatania, mpaka akafika kwa nesi mkuu, mama mwenye mwili wake na sauti ya kusimamisha foleni.

"Pumua kawaida, mama," Futi alimwambia. "Ukibana tumbo leo, vifungo vitakuumbua kesho."

Nesi mkuu akaliachia tumbo, akacheka mpaka machozi. "Haya, umetupima wote. Na wewe nani amekupima?"

"Mimi? Kiuno changu nakijua, sihitaji shahidi."

"Nani kasema kiuno? Kaa hapo, lete mkono."

Mkanda wa mashine ya presha ukavimba, ukambana Futi mkono, ukapumua taratibu. Nesi mkuu akaiangalia mashine. Akamwambia akae atulie kidogo, asiongee, jambo lililokuwa gumu kuliko yote, kisha akapima tena.

"Iko juu," alisema.

"Ni vicheko. Nimecheka tangu nimeingia humu."

"Vicheko havifiki huku. Kwenu nani ana presha?"

"Hakuna!" Futi alijibu kwa fahari kabisa.

"Baba yupo?"

"Alifariki. Alianguka."

"Pole. Babu?"

"Alianguka."

"Bibi?"

"Naye alianguka. Na baba mkubwa, kabla hujaniuliza, alianguka kutoka kwenye baiskeli."

"Ilikuwa inakwenda kasi?"

"Ilikuwa imesimama."

Nesi mkuu aliweka kalamu chini. "Mama, nyinyi ni ukoo au ni maembe?"

Chumba kizima kikacheka, na Futi akacheka kuliko wote, maana mzaha mzuri huwezi kuunyima haki yake. Lakini nesi mkuu hakuwa amemaliza. Alimuuliza kama kuna kitu chochote alichorithi kwao.

"Bega," Futi alisema. "Sisi wote bega la kushoto limeshuka. Nikikata nguo ya mtu wa kwetu naongeza kitambaa upande huo. Hata akinipa mgongo sokoni, namjua."

"Bega unaliona, ndiyo maana unaliamini. Mishipa ya damu huioni. Presha nayo hutembea ndani ya ukoo, mama. Haimpati kila mtu, na ukiambiwa unayo si kwamba umeambiwa ukachimbiwe kaburi. Ila kama baba yako alikuwa nayo, wewe uko karibu nayo kuliko jirani yako. Tena hamrithi damu peke yake. Mnarithi na mkono wa kutia chumvi."

Futi akaliona jiko la Shangazi, ambako chumvi ilitiwa wakati wa kupika, ikaongezwa wakati wa kupakua, na ikafika mezani kuja kuaga. Hilo hakulisema.

"Utarudi nikupime tena, mara moja haitoshi," nesi mkuu aliendelea. "Na nyumbani ukaulize. Usiwaulize waliangukia wapi. Uliza nini kilianza."

Futi alirudi, akapimwa. Akarudi tena. Mashine ikashikilia neno lake lile lile, naye akapewa vidonge vyeupe vya kumeza kila siku. Alishukuru, akavibeba, akafika dukani, akavitumbukiza kwenye mkebe wa vifungo na kufunga kifuniko. Dawa ya ugonjwa usio wa kwao ya nini? Kichwa hakimuumi, macho yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na hapandi juu ya chochote. Mtu anayekaa kutwa nzima ataangukia wapi? Mashine inaweza kukosea, kama cherehani inavyoruka mshono. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na siku zikapita, vidonge vimelala kati ya vifungo vya koti na vya shati.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo kila mtu analijua mpaka maradhi yawe yake. Ukweli ni kwamba Futi aliogopa. Baba yake alipoanguka alikuwa na umri uleule aliokuwa nao yeye sasa, na kila alipofungua mkebe kutafuta kifungo aliangalia pembeni.

Mchana mmoja Baba Mdogo aliingia ndani na kiatu cha mteja. "Mwanangu, hebu niangalizie kifungo cha hapa pembeni, kidogo, cheusi."

"Mkebe huo hapo, chagua mwenyewe," Futi alimjibu, macho kwenye mshono.

Aliusikia mkebe ukifunguliwa na vifungo vikichakurwa.

"Hivi ni vya nguo gani?" Baba Mdogo aliuliza. Alikuwa ameviinua vile vidonge, pakiti nzima, haijaguswa.

"Aa, hivyo. Wale wa zahanati wanasema nina presha. Wangeniuliza mimi ningewaambia: kwetu hakuna presha."

Alitegemea Baba Mdogo acheke, kile kicheko chake cha haraka. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, kiatu mkono mmoja, vidonge mkono mwingine, akavitazama vidonge kana kwamba vimemtaja jina. Ndipo maneno ya nesi mkuu yakamrudia Futi. Akasimamisha cherehani.

"Baba Mdogo, siku ile... baba alianguka vipi? Nini kilianza?"

Mzee wa watu alikigeuzageuza kiatu mkononi.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," alisema mwishowe. "Tangu siku ile."

"Si walikuuliza?"

"Waliniuliza ngazi. Hakuna aliyeniuliza kaka." Akakiweka kiatu chini. "Ilianza brashi, mwanangu. Alikuwa juu anapaka, mimi chini nimeshika, tunabishana mpira. Mara brashi ikaniangukia kichwani, na rangi yake. Nikamtukana, nikajua ananichokoza. Nikatazama juu, nikaona uso umekwenda upande. Mkono wa brashi unaning'inia tu. Akataka kuniita, jina langu likatoka kama ana uji mdomoni. Na ngazi imesimama vizuri kabisa! Haikutikisika. Yeye ndiye aliyekuwa anaiachia. Nikaona, nikiendelea kushika ngazi, nitabaki na ngazi. Nikaiachia, nikanyoosha mikono."

"Ukamdaka," Futi alisema.

"Nilimdaka. Alikuwa mzito, tukaenda chini wote. Lakini kichwa chake hakikugusa ardhi. Kilikuwa hapa." Akagusa mkono wake wa kushoto, pale unapokunjika. "Wakaja watu, wakauliza kama niliiachia ngazi. Nikasema niliiachia. Si niliiachia kweli?"

Futi alilia. Alimlilia baba yake upya, kisha akamlilia huyu aliyekaa mbele yake, na katikati ya kilio akapandwa na hasira, juu ya ukoo mzima na juu ya nafsi yake na ule mkasi wake wa kuweka chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye fundi wa nguo hakuwahi kupekua. Alipomaliza kulia alifuta uso kwa kipande cha sare ya nesi, akanyoosha mkono.

"Lete hivyo vidonge. Na maji."

Baba Mdogo alimletea vyote viwili. Futi akameza cha kwanza mbele yake.

Jumapili iliyofuata wawili hao walikwenda kwa Shangazi. Waliinama, wakashuka kwenye vile viti, magoti yakapanda kidevuni. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, kile kilichokatwa zaidi ya vyote, kwa kuwa kiongozi huonesha mfano. Futi hakuzunguka mbuyu. Alimwambia kuhusu mashine, vidonge na mabega.

"Kwetu hakuna presha," Shangazi alisema. "Kwetu tunaanguka tu."

"Sawa, Shangazi. Bibi alipoanguka harusini, wewe ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa ubavuni. Yule mjinga aliyeleta kiti kibovu..."

"Achana na kiti. Bibi mwenyewe alikuwaje kabla hajaanguka?"

Shangazi alifungua mdomo ajibu upesi kama kawaida yake, kisha akakumbuka. "Alisema taa zimekuwa na ukungu. Halafu sahani ikamponyoka."

"Ilianza sahani kuanguka, au alianza yeye?"

"Sahani," Shangazi alisema polepole. Taa ya mezani ilimulika vidole vyake vya miguu, na vidole vilikuwa vimejikunja. Aliwaza, na mtu aliyemfahamu angeona sheria zake zikipita moja moja kichwani. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Na ile baiskeli ilikuwa imesimama."

"Sasa muulize Baba Mdogo," Futi alisema.

"Nimuulize nini? Alishasema. Aliiachia."

"Muulize kaka yenu alianguka vipi. Hujawahi kumuuliza, Shangazi. Hakuna kati yetu aliyewahi."

Shangazi alimgeukia mdogo wake. Ilimchukua muda, maana kumgeukia mtu kwenye viti vile si kazi ndogo, na kuuliza swali ulilotakiwa kuuliza zamani ni kubwa zaidi. Lakini akauliza. Na Baba Mdogo akaeleza kama alivyoeleza dukani, brashi, uso, jina lenye uji, mikono aliyoinyoosha. Alipofika pale kwenye kichwa kisichogusa ardhi, Shangazi alishika mdomo.

"Hakuumia kichwa?"

"Hakuumia, dada. Nilikuwa nimempakata."

Shangazi alitaka kwenda kwa mdogo wake. Akaegemeza mikono magotini, akajiinua, kiti kikamrudisha. Akajaribu tena, kikamrudisha tena. Kile kiti alichokikata ili asianguke kilikuwa kimemteka, naye amelowa machozi. Futi akainuka kwa tabu ili akamvute. Baba Mdogo, kwa mazoea, akajikunja pembeni kupisha wavutaji.

"Siyo wewe," Shangazi alimwambia Futi. Akamnyooshea mdogo wake mikono miwili. "Wewe. Nivute wewe."

Baba Mdogo alijikongoja akasimama, akamshika dada yake, akamvuta mara moja tu, dada akainuka. Hakumwachia upesi. Shangazi alilia begani kwake, bega la kushoto, lile lililoshuka, akiomba radhi kwa maneno ambayo Futi aliona ni heshima kutoyasikiliza. Futi akaenda jikoni, akaiona chupa ya chumvi, akaihamishia kabati la mbali kabisa.

Shangazi alipelekwa zahanati akilalamika njia nzima. Alipopimwa, nesi mkuu aliitazama mashine, akamtazama Futi, na wote wawili wakauma midomo wasicheke: ilikuwa juu kuliko ya Futi. Shangazi akapewa vidonge vyake, na kwa kuwa kutunga sheria kulikuwa kwenye damu yake kama kila kitu kingine, akatunga mpya: kila mtu wa ukoo akapimwe, watu wazima wote, anayebisha asije kwake kula. Wakaenda. Wengine wakakutwa nayo, wengine hawana; waliokuwa nayo wakaanza dawa, na chumvi ikapungua mpaka chakula cha Shangazi kikaanza kuwa na ladha ya chakula. Seremala aliitwa tena, akaambiwa avirudishie viti miguu. Alisema hajawahi kupewa kazi hiyo maishani mwake, lakini akaifanya.

Dawa zilipomtuliza, na nesi mkuu akasema sasa mashine imekubali, Shangazi alitoa amri ya mwisho. Alasiri moja aliazima ngazi fupi kwa jirani, ikavuka kizingiti. Futi akajitolea kupanda, akakataliwa. Akajitolea jamaa mwingine, naye akakataliwa.

"Balbu ni ya nyumba yangu," Shangazi alisema, balbu mpya mkononi. "Napanda vidato vitatu tu. Nani ataishika?"

Watu walitazamana. Baba Mdogo alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti kirefu kipya, miguu ikining'inia, amepakata mtoto mchanga wa mtu na amesahau kushangaa. Aliona dada yake anamtazama. Akamkabidhi Futi mtoto, mkono kwa mkono, akaja, akaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka mishipa ikasimama.

Shangazi akaweka mguu kidato cha kwanza. Kisha cha pili. Kwenye cha tatu akasimama, mkono mmoja ukiwa tayari juu.

"Umeshika?"

"Nimeshika, dada. Siiachii."

Shangazi alitazama chini, akamwona mdogo wake ameing'ang'ania ngazi jasho likimtoka.

"Sikiliza," alimwambia. "Ukiona balbu imeniponyoka, achana na ngazi. Nidake mimi."